Jiwe la Mlango Juu ya Kaburi la Baba

Siku msimamizi wa kampuni ya mgodi alipopaka alama ya buluu kwenye kaburi la baba, hakukuwa na mtu pale makaburini aliyesoma kunizidi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Diploma yangu ya upimaji wa ardhi niliipata Afrika Kusini kwa jasho langu. Hakuna shangazi wala mjomba aliyeninunulia hata kalamu. Niliwauzia maji wachimbaji wa Tenke, nikauza samaki wa chumvi na vitenge kutoka mpakani Dilolo, nikalala juu ya magunia ndani ya mabehewa, mpaka nikapata nauli ya kwenda na akili ya kurudi. Leo ziko barabara Kolwezi ambazo malori hupita bila kuzama kwa sababu nilizipima mimi. Lakini ile rangi ya buluu haikuniuliza nimesomea wapi.

Kampuni ilikuwa inapanua shimo lake la shaba, na makaburi yetu ya nyuma ya mtaa wa Kapata yalikuwa njiani. Yote yangehamishwa. Kaburi lililopata chokaa nyeupe lilikuwa na ndugu wanaojulikana. Mifupa yake ingefukuliwa mbele yao na kuzikwa upya kwenye makaburi mapya, na mjane angepewa nafasi yake kando ya mumewe. Kaburi la buluu lilikuwa la wageni. Wenyewe wangeitwa waje kuwachukua watu wao. Na yale ambayo hayakuwa na mwenyewe kabisa yangekusanywa na kuzikwa pamoja pembeni, bila majina.

Msimamizi alikuwa mtu wa rika langu, mwenye kofia ngumu ya njano na sauti ya kuuza mnadani.

“Mama injenieri,” aliniambia, “hii kaburi haiko ya kwenu. Iko ya Bayuda. Angalia maandiko.”

“Ni baba yangu njo eko mule.”

“Batu benye kusema vile beko mingi. Jana mutu mumoja alilia hapa machozi ya kweli, analilia kaburi ya mupadri. Eti ni baba yake muzazi!”

Wafanyakazi wake walicheka. Nilimwambia nitaleta mashahidi, majirani wote wa Kapata waliomzika baba.

“Bashahidi? Na chupa moja ya pombe mi nakuletea bashahidi benye waliona Adamu anazaliwa.”

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya kaburi, kikapu mapajani. Hakucheka wala hakulia. Alisema kitu kimoja tu, tena aliniambia mimi, si yule mtu: “Sasa mi nitalala na nani?”

Swali hilo lilinikaa kifuani kama tonge la ugali wetu wa bukari lisilotaka kushuka. Sikumbuki juma jingine maishani nililokula kidogo namna ile.

Ni lazima nieleze jiwe lenyewe. Zamani kulikuwa na Wayahudi wafanyabiashara Kolwezi, watu waliokuja kutoka kisiwa kimoja cha mbali wakafungua maduka ya vitambaa. Walijenga sinagogi dogo la matofali mekundu, lenye nguzo mbili mbele na dirisha la chuma lenye umbo la nyota. Kisha nyakati zikabadilika, maduka yakachukuliwa, wenyewe wakahama. Nyumba ile ikawa ghala la mahindi, ikawa banda la kulala wapita njia, mwishowe wachimbaji wakasikia kwamba chini yake kuna mawe ya kijani, yale ya shaba. Walianza sakafuni. Kuta zikafuata. Siku ya mwisho, baba, ambaye wakati huo alikuwa seremala wa kampuni, alikwenda kule na mkokoteni wa kuazima akarudi na jiwe jeupe la marumaru lililokuwa juu ya mlango, lenye mstari mmoja wa herufi ambazo hakuna mtu wa mtaa wetu aliyeweza kuzisoma.

Baba alipokuwa kijana, kabla ya useremala, kazi yake ilikuwa kuwasha taa za nyumba ile. Dini yao iliwakataza kugusa moto na taa siku yao ya mapumziko, na hata kumwomba mtu awashe hawakutaka. Basi walikuwa wakisema tu, kama wanaozungumza na ukuta, “Humu kuko giza,” naye baba akaelewa. Alikaa nao mpaka akaichukua tabia hiyo akaja nayo nyumbani. Maisha yangu yote sikumsikia akimwomba mama maji. Alikuwa akisema, “Leo jua iko kali,” na kikombe kikafika. Na alipougua ugonjwa wa mwisho hakusema niwekeeni jiwe langu. Alisema, “Kaburi bila jiwe inasahaulika mbio.” Mama akaelewa.

Wakati huo mimi nilikuwa masomoni. Mama alimlipa fundi, jiwe likawekwa kichwani mwa kaburi, na mbele yake ukasimama msalaba wa mbao wenye jina la baba. Msalaba uliliwa na mchwa. Nilikuta kipande cha mguu wake tu. Niliporudi na diploma yangu, kitu cha kwanza nilichofanya kwa mshahara wangu kilikuwa kulitengeneza lile kaburi. Niliona jiwe limelala upande. Nikaling'oa, nikaliweka upya kwa saruji nzuri na pimamaji, nikazijaza zile herufi rangi ya dhahabu, moja moja, kwa brashi ya msanii wa mabango. Watu walikuja kutazama. Hapakuwa na kaburi lenye kung'aa hivyo Kapata nzima, na mpaka leo naona ilikuwa heshima ya haki kwa mtu aliyeninunulia viatu vya shule kwa kuuza msumeno wake mzuri. Jina sikuliandika. Nilifikiri jina la baba kila mtu analijua.

Ndiyo maana msimamizi aliona herufi za dhahabu kutoka mbali, akaenda moja kwa moja na kopo lake la buluu.

Nilijipangia hoja, kama nilivyofundishwa. Ikiwa vipande vya sinagogi vimetapakaa mji mzima, basi kipande kimoja juu ya kaburi hakimfanyi marehemu kuwa Myahudi. Nilianza kuzunguka na simu yangu kupiga picha. Nguzo moja niliikuta kwenye baa ya njia ya sokoni. Inashikilia paa, na mwenye baa ameipaka matangazo ya bia mpaka kiunoni. Ya pili imekatwa vipande vitatu, vinakaliwa na wacheza drafti. Vigae vya sakafu, vya kijani na vyeupe, viko jikoni kwa jirani yetu wa tatu, na anavisugua kwa majivu kila asubuhi. Matofali yamo kila mahali. Wengine wameyajengea choo. Dirisha la nyota limetiwa kwenye geti la kanisa moja la maombi. Mchungaji wake alinizuia nisipige picha.

“Ile nyota ilitoka Israeli,” alisema.

“Ilitoka nyuma ya soko, tata mchungaji. Mi mwenyewe nilikuwa nachungulia ndani yake nikienda kununua chumvi.”

“Mwana, hata manna ilipita fasi fulani mbele ya kufika ku sahani.”

Nilitoka nje ya geti. Nilipiga picha nikiwa barabarani.

Niliporudi makaburini nilimwonyesha msimamizi picha zote, moja baada ya nyingine, nikimweleza kwa utaratibu. Nilidhani nimemmaliza. “Basi na ile baa iko Muyuda?” nilimuuliza. “Na choo?”

Alicheka kweli, hata akavua kofia. “Ah, mama injenieri, uko na kichwa. Lakini baa haina mutu chini yake.” Kisha akawa mtu wa kazi tena. “Bon. Bayuda ba Lubumbashi banatuma muzee mumoja siku ya mungu. Yeye njo atasema. Akisema ni yao, anabeba. Mi siwezi kugombana na batu juu ya mifupa yabo.”

Kutoka siku ile mpaka Jumapili sikulala vizuri. Nilikuwa naona gari likiondoka na baba kwenda kulazwa kati ya watu wema kabisa, lakini si watu wake, na mama akibaki bila ile nafasi mpya, siku moja azikwe kando ya mtu asiyemjua. Nilipiga pasi suti yangu ya kazi. Diploma niliitia kwenye mfuko wa plastiki safi nikaibeba. Mama aliitazama akatikisa kichwa.

“Ile karatasi utamuonyesha nani? Baba yako?”

“Nataka baone banaongea na mutu wa namna gani.”

“Bataona,” alisema, akaendelea kupanga kikapu chake.

Mzee kutoka Lubumbashi alikuwa mfupi, mweupe kama unga, mwenye fimbo na kofia ya kitambaa. Nilikuwa nimeandaa Kifaransa changu kizuri. Akafungua mdomo, ikatoka Swahili ya Kolwezi iliyoiva kuliko yangu.

“Aksanti kunipokea, mama. Mi nilizaliwa hapa, nyuma ya maduka. Jiwe iko wapi?”

Tulimpeleka. Alisimama mbele ya kaburi la baba, akaweka miwani, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Akainama zaidi, mpaka nikadhani anaanguka, nikamshika kiwiko.

“Nani aliweka hii jiwe?”

“Mi,” nilisema. “Na pimamaji. Iko sawa kabisa, muzee, hata nukta moja haijainama.”

“Iko sawa,” alisema polepole. “Lakini iko kichwa chini.”

Nilimtazama mzee, nikalitazama jiwe. Halafu mfanyakazi mmoja akacheka puani, na msimamizi akamkanyaga mguu. Mimi nilikuwa natafuta pa kuweka macho. Kwa pimamaji, jiwe lililopinduka na jiwe lililosimama ni kitu kimoja. Povu linakaa katikati vilevile. Kama ni fundi wa kwanza aliyeligeuza au ni mimi, sijui, na fundi ameshakufa. Naona uwezekano mkubwa ni fundi.

“Hii haiko ya kaburi,” mzee aliendelea. “Ni maneno ya mulango. Inaambia batu baingie. Mi nilipita chini yake na baba yangu, ananishika mukono. Batu betu habawezi kuzika mutu chini ya mulango, na tena bakapindua maandiko.” Akamgeukia msimamizi. “Hapana, tata. Mule ndani hamuna mutu wetu.”

Nilitaka kuruka. Nilimshika mama bega. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia msimamizi alete chokaa, na yeye akawa ameshamwita mfanyakazi wake.

“Futa buluu,” alisema. “Hii haina mwenyewe. Itaenda pembeni, kwa bale bengine.”

Nilidhani anatania. Nilimwambia, tata, si umesikia? Si ya Wayahudi!

“Nilisikia. Haiko ya Bayuda. Lakini nani alisema ni ya kwenu? Jina haiko. Musalaba haiko. Mi niko na jiwe moja yenye kupinduka tu. Mama injenieri, usinikasirikie, mi nafuata kazi.”

Nilitoa diploma kwenye plastiki. Sijui nilifikiri nini. Nilimpa mkononi, akaisoma mpaka chini kwa adabu, akanirudishia. “Félicitations,” alinipongeza, na hakuwa ananidhihaki. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Niliirudisha kwenye plastiki yake.

Mama hakuwa akitusikiliza. Kwake mgeni ni mgeni, ametoka Lubumbashi na jua limepanda. Alifunua kikapu chake. Hakumpa yule mzee kitu mkononi. Sisi nyumbani hatufanyi hivyo. Alitandaza kitambaa juu ya kaburi la jirani, akaweka mayai mawili na chumvi kidogo ndani ya jani, kisha akageuza uso akatazama upande wa barabara, kama mtu ambaye hajaweka chochote. Ndivyo tulivyolelewa. Jumamosi mayai yanawekwa kwenye kizingiti cha dirisha, anayetaka anachukua. Nilikuwa msichana mkubwa nilipogundua kwamba nyumba nyingine watu hupeana.

Mzee aliyaona mayai. Yalikuwa ya rangi ya kahawa, kama mbao iliyopakwa mafuta.

“Mama,” alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, “nani anapika mayai namna hii?”

“Ni mi.”

“Nani alikufundisha?”

“Bwana yangu,” mama alisema, bado anatazama barabara. “Maganda ya kitunguu mingi, moto kidogo, usiku muzima mpaka asubui. Siku ya posho, jumamosi tu. Majirani banasema mayai yangu inaungua. Mi nabaacha baseme.”

Mzee akakaa juu ya lile kaburi la jirani. Hakuomba ruhusa. Alichukua yai moja akalizungusha mkononi bila kulimenya.

“Mama yangu alikuwa napika hivi. Alikuwa ananituma niiweke ku dirisha, kwa ule kijana mwenye kufungua taa. Ile siku habawezi kumulipa mukononi, basi tunaweka, tunageuka.” Akalinusa yai. “Alikuwa nakula pale pale chini ya dirisha. Na maganda... subiri, mama. Ngoja mi nikuulize. Maganda alikuwa naweka wapi?”

Mama akageuka kwa mara ya kwanza. Alimtazama usoni, kisha akacheka, cheko la msichana ambalo nilikuwa sijalisikia tangu nirudi.

“Ku mufuko ya shati! Eti asichafue kiwanja ya batu. Ah, tata, ile mashati! Miaka yote mi naosha mashati, natoa maganda ya mayai mu mifuko. Nilimugombeza mpaka nilichoka.”

“Ku mufuko ya shati,” mzee alisema. “Huku ya kushoto.”

“Huku ya kushoto!”

Wote wawili walikuwa wamejishika kifuani upande wa kushoto, wakicheka na kulia, na mimi nimesimama na plastiki yangu. Mzee alimgeukia msimamizi.

“Tata, mule ndani muko mutu alifungulia baba yangu taa. Mi njo shahidi. Na pombe sikukunywa.”

Msimamizi alivua kofia, akakuna kichwa, akamtazama mama, akalitazama yai. “Makaburi yote ya Kolwezi,” alisema, “na leo mi nakata kesi na mayai.” Akaita chokaa. Akaipaka yeye mwenyewe, pana, nyeupe, juu ya ile buluu ambayo ilikuwa bado haijafutwa.

Tulikaa kidogo. Mzee alikula. Nilikuwa na hofu moja imebaki, ndogo kuliko ya kwanza lakini yenye meno, maana nilimwona anavyolitazama jiwe. Lilikuwa lao. Mimi nililitia dhahabu kwa mkono wangu, na sikuwa tayari kulitoa. Naye hakuomba. Aliifuta midomo, akasema, kama anayeongea na hewa:

“Kule Lubumbashi, ku mulango yetu, juu, kuko fasi moja butupu.”

Nilikuwa naanza kumjibu kwamba ni kweli majengo ya zamani yana kasoro zake. Mama akanikatiza.

“Mama,” aliniambia, ndivyo anavyoniita akiwa na neno zito, “leta mutaimbo.”

Nililing'oa mwenyewe, saruji yangu ikinipa taabu kwa sababu niliichanganya vizuri. Tulilifunga kwa gunia tukalitia kwenye gari la mzee, na kabla hajafunga mlango alichukua yai la pili akalitia mfuko wa shati.

Siku ya kuhamisha ilikuja. Walifukua mbele yetu, mama akiwa kwenye kigoda. Nilikuwa nimeogopa kwamba baba hayumo, kwa kuwa wachimbaji hupita chini ya kila kitu mjini huku, lakini alikuwamo. Mabaki ya koti lake la kanisani yalikuwamo. Tulibeba kigoda tukamfuata mpaka makaburi mapya, juu ya kilima cha upande wa pili, mahali penye upepo na pasipo na mti. Niliweka bamba la saruji lenye jina lake kamili, herufi kubwa. Niliwaita watu wawili walisome kabla halijakauka. Kando yake nafasi ya mama iliachwa wazi, imezungushiwa matofali.

Mama aliizunguka, akaipima kwa macho, akasema inatosha.

Hapo ndipo nilipotazama udongo uliotoka kwenye hilo kaburi jipya. Nimeusomea udongo, na jicho langu haliwezi kunyamaza hata nikiliomba. Kati ya mabonge mekundu lilikuwapo jiwe moja la ukubwa wa ngumi, limepasuliwa na sepetu, na ndani yake palikuwa kijani, kijani kilichokolea chenye mistari, kile cha shaba, ambacho watu huhamishia vilima na makaburi. Kulikuwa na jingine karibu na kigoda cha mama.

Wafanyakazi walikuwa wanakusanya vyombo. Msimamizi alikuwa anazungumza kwenye simu, mgongo ametugeuzia. Nilisogea, nikalifunika la kwanza kwa kiatu changu, nikalisukumia udongo mpaka likapotea. La pili nililiinamia kama mtu anayefunga kamba ya kiatu.

“Ni nini?” mama aliuliza.

“Jiwe tu, mama,” nilisema, nikalitia mfukoni.